Kurudi kwenye Modeli Ukubwani: Tafuta Chanzo Hatua Moja Nyuma

Wengi waliokuwa wakiunganisha ndege na magari ya plastiki ujanani huiacha kazi hiyo kwa miongo mingi. Kuna ajira, kuna karo, kuna watoto. Kisha nafasi inarudi. Watoto wamehama, aliye ng'ambo anauliza akuletee nini Desemba, na boksi linafunguliwa tena kwenye meza ya Milimani hapa Kisumu, au Section 58 kule Nakuru. Baada ya wiki chache mtu huyohuyo anasema mikono imezeeka na kazi imemshinda. Boksi linapanda juu ya kabati.

Mara nyingi mikono haina hatia. Katika kazi hii tatizo huonekana mahali pamoja na kuzaliwa mahali pengine. Stika yenye mabaka meupe iliharibiwa na rangi iliyo chini yake. Rangi inayobanduka iliharibiwa kabla brashi haijaguswa. Mshono unaojitokeza juu ya bawa ulianza siku ya gundi. Ndiyo maana kila dalili hapa chini nimeifuata kurudi nyuma, na ninakuomba ufanye hivyo kabla ya kununua chombo kipya. Inaniuma kuona mtu akiiacha kazi nzuri hivi kwa sababu ya tatizo ambalo sabuni ya vyombo ingelimaliza.

Sheria moja inahusu yote: fremu ya plastiki inayobaki baada ya kukata vipande usiitupe. Ni plastiki ileile ya modeli. Kila gundi, rangi au kiyeyushi kijaribu hapo kwanza.

"Sioni vizuri, na vipande vinanipotea"

Kuanzia umri wa miaka arobaini hivi, lensi ya jicho hukakamaa na kushindwa kuvuta vitu vya karibu. Hilo kila mtu analijua, na kila mtu ananunua miwani ya kusomea. Kosa liko kwenye namba. Miwani ya gazeti si miwani ya modeli.

Hesabu yake ni rahisi: gawanya mita 1 kwa namba ya lensi. Lensi ya +1.50 inaonyesha vizuri kwenye sentimita 67 hivi, +2.00 kwenye sentimita 50, +3.00 kwenye sentimita 33. Sasa mtu anavaa +1.50 na kushika bawa sentimita 30 kutoka usoni, kisha anashangaa kichwa kinauma. Hesabu hiyo ni ya jicho lisilo na kasoro nyingine. Kama una miwani ya kuona mbali au macho mawili hayalingani, keti kwenye meza yako, mtu akupimie kwa rula umbali kutoka jichoni hadi kwenye kazi, na namba hiyo umpelekee mpima macho. Atafurahi, kwa sababu wagonjwa wengi humwambia tu "sioni karibu."

Chanzo cha pili ni mwanga, na pengine ndicho kikubwa kuliko vyote. Mboni ya mtu mzima haipanuki kama zamani, na lensi yenyewe inazuia mwanga zaidi. Balbu iliyokutosha ukiwa na miaka 18 haiwezi kukutosha sasa. Weka taa ya LED nyeupe upande wa kushoto ikiwa unatumia mkono wa kulia, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi, na nyingine mbele kidogo. Stima ikipotea, taa ya sola ya kusomea inatosha kukata na kusugua vipande, lakini usichanganye rangi chini yake.

Kuna dalili moja isiyo ya meza. Ikiwa rangi zote zinaonekana zimefifia au zina umanjano, na usiku taa za magari zina duara la mwanga pembeni, huenda ni mtoto wa jicho. Hilo halitibiwi kwa miwani wala kwa taa. Nenda kliniki ya macho, maana upasuaji wake hurudisha uwezo wa kuona kwa wengi.

Baada ya hapo angalia skeli, yaani modeli ni ndogo mara ngapi kuliko kitu halisi. Ndege ya kivita ya Spitfire halisi ina upana wa mita 11.23 kutoka ncha ya bawa moja hadi nyingine. Kwenye skeli ya 1/72 hiyo ni milimita 156, kwenye 1/48 ni milimita 234. Wengi wetu tulianza na 1/72 kwa sababu ndiyo iliyokuwa rahisi kifedha, na tunarudi hapohapo kwa mazoea. Kwa macho ya miaka 60, 1/48 ni uamuzi wa busara, na kwa magari 1/24.

Kipande kinachoruka na kupotea chini ya kiti kinasababishwa na kibano kinachobanwa kwa nguvu mno, au kukata fremu hewani. Katia ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha. Imekwisha.

"Mikono inatetemeka"

Kabla ya kuogopa, uliza maswali matatu. Umekunywa kahawa au chai ya rangi mara ngapi leo? Umekula? Viwiko vyako viko wapi?

La tatu ndilo linalosahaulika. Meza ya kulia chakula iko chini mno kwa kazi ya modeli. Mtu anainama, viwiko vinabaki hewani, na kila mpigo wa moyo unafika kwenye ncha ya brashi. Inua kazi hadi karibu na kifua kwa kuweka boksi imara juu ya meza. Viwiko viwe vimeegemea, na kiganja cha mkono wenye brashi kiguse mkono ulioshika kipande. Mikono miwili iliyogusana hutetemeka pamoja, kwa hiyo brashi na kipande haviachani sana. Bora zaidi, kipande usikishike kabisa: kibane kwenye kibanio cha nguo au kichome kwenye kijiti cha mishikaki.

Dawa nyingine za hospitali pia hutetemesha mikono, mfano dawa ya kuvuta ya pumu. Usiache dawa kwa ajili ya modeli, bali fanya kazi nyeti saa ambazo mkono umetulia. Lakini ikiwa mkono, hasa mmoja, unatetemeka ukiwa umepumzika tu mapajani, hilo ni la kumwona daktari, na mapema.

"Nimefungua seti ya zamani, imeharibika ndani ya boksi"

Hii huwapata waliohifadhi maboksi yao, na ni furaha kubwa kuyakuta. Hata hivyo plastiki ina umri wake.

Ukikuta tairi la raba limezama kwenye rimu ya plastiki na kuacha shimo lenye utelezi, hakuna joto lililofanya hivyo. Matairi na minyororo ya vifaru ya vinaili laini huwa na mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo hutoka polepole na kuyeyusha polistareni inayogusana nayo. Kwa seti ambayo bado ni nzima, toa matairi leo uyafunge kwenye karatasi peke yake. Ukiunganisha, paka rimu rangi na uiache ikauke kabisa kabla ya kuvisha tairi.

Kipande kilichopinda kiweke kwenye maji ya moto, si yanayochemka, kisha kinyooshe taratibu na ukitie kwenye maji baridi. Bodi nyembamba haitaki kuharakishwa; rudia mara kadhaa.

Rangi za enameli kwenye vikopo vidogo hudumu kuliko watu wanavyodhani. Kama ndani bado kuna umajimaji, koroga. Na koroga tena. Rangi isiyong'aa inapotoka ikiwa inang'aa, chanzo ni unga wa kuondoa mng'ao ulioketi chini ya kopo. Kijiti kiguse sakafu ya kopo mpaka usisikie tena kitu kizito.

Stika za zamani nitazifikia chini.

"Gundi inanisaliti"

Tulikulia kwenye gundi nzito ya tyubu. Unakamua, unabandika, nyuzi zinatambaa kila mahali. Leo gundi nyingi za plastiki ni nyepesi karibu na maji, ziko kwenye chupa yenye brashi ndani ya kifuniko, na zinatumiwa kinyume: kwanza shikanisha vipande vikiwa vikavu, kisha gusa mshono kwa ncha ya brashi. Gundi hujivuta yenyewe ndani ya ufa. Anayeipaka kama ile ya tyubu, kipande kimoja kwanza na kingine baadaye, hukuta imeshakauka, na analalamika kwamba haishiki.

Ikiwa umeitumia sawasawa na bado kiungo kinaachia, tazama nyuso zinazokutana. Rangi iko hapo? Kromu ya bampa iko hapo? Gundi hii haibandiki kwa kunata. Inayeyusha plastiki mbili zikawa moja, na haiwezi kuyeyusha kilichofunikwa. Kwangua mpaka plastiki tupu ionekane. Na ikiwa kipande ni cha resini au cha shaba iliyochongwa, gundi ya plastiki haitafanya lolote hata ukingoja mwezi. Hapo ni supaglu.

Alama ya kidole iliyoyeyuka kwenye bodi ya ndege ina chanzo kimoja: kidole kilikuwa juu ya mshono, gundi ikatambaa chini yake. Iache ikauke siku nzima ndipo uisugue. Ukiifuta ikiwa mbichi unaipanua.

Ukungu mweupe kwenye kioo cha rubani ni tatizo ambalo Kisumu linatusumbua kuliko wenzetu wa nyanda za juu. Supaglu hukauka kwa kunywa unyevu wa hewa, na mvuke wake unatua pembeni ukiwa mweupe. Hewa ya ziwani ikiwa nzito, ukungu unaongezeka. Usitumie supaglu karibu na kioo, wala usikifungie kioo ndani ya modeli ambamo supaglu bado inavukiza. Tumia gundi nyeupe ya seremala. Ikikauka haionekani, na ikimwagika unaifuta kwa maji. Kioo kilichokwisha kupata ukungu kisugue kwa msasa laini sana, kisha kwa dawa ya meno kwenye pamba, halafu kipake vanishi inayong'aa.

Supaglu yenyewe ikikauka ndani ya chupa baada ya siku chache, chanzo ni unyevu uleule. Ifunge ndani ya mtungi wenye kifuniko kabla ya kuiweka kwenye friji.

"Mshono umerudi baada ya kupaka rangi"

Ulijaza, ukasugua, ukapaka. Wiki mbili baadaye mstari uko palepale. Hapa watu huilaumu pati, ule ujiuji wa kujazia nyufa, na pati haina kosa. Gundi inapoyeyusha plastiki, kiyeyushi hubaki ndani na kutoka polepole kwa siku kadhaa. Plastiki inavimba kwanza, kisha inanywea. Ukiisugua ikiwa imevimba, unaisawazisha leo, na kesho inanywea chini ya rangi yako. Dawa ni kusubiri. Unganisha, bana vizuri hadi uzi mdogo wa plastiki laini utokeze, kisha uiache angalau siku moja, na kwa viungo vinene wiki nzima. Uzi ule ukikauka ukwangue kwa wembe, kisha msasa namba 400, 600, halafu 1000. Msasa wa maji wa mafundi wa gereji ndio huohuo.

Ufa mkubwa nao una chanzo cha nyuma zaidi: vipande havikujaribiwa vikavu. Nawaheshimu sana waliofanya kazi hii kwa ukubwa halisi hapa kwetu. Meli za ziwa hili zilikuja Kisumu zikiwa vipande. William Mackinnon, iliyozinduliwa hapa mwaka 1900, ilitoka Scotland kwa vipande, na Victoria iliyoanza kazi mwaka 1961 nayo ililetwa hivyohivyo. Kule kiwandani mafundi waliziunga meli hizo kwanza kwa bolti, wakatia kila kipande alama, wakazibomoa na kuzisafirisha, ndipo zikaungwa kwa kudumu kando ya maji. Walijaribu bila kufunga kabisa. Wewe nawe tumia selotepu au mpira wa kufungia, unga bodi na mabawa bila gundi, uone palipo na ufa, usugue kinachozuia. Dakika ishirini za hapo huokoa kilo ya pati.

"Rangi haikubali"

Hapa ndipo wengi huachia, na hapa ndipo mambo yamebadilika zaidi tangu tulipoacha. Zamani rangi ilikuwa moja: kikopo cha enameli, tapentaini pembeni. Sasa kuna enameli, kuna akriliki ya maji, kuna akriliki inayotaka alkoholi, kuna laka. Chupa zinafanana.

Ikiwa rangi inaganda mabonge kwenye kisahani kama maziwa yaliyochachuka, umeitia kiyeyushi kisicho chake. Akriliki ya maji kama Vallejo ukiitia spiriti inaharibika papo hapo. Itie maji safi au kiyeyushi chake. Akriliki za Tamiya hupokea alkoholi ya isopropili. Enameli inataka tapentaini. Petroli usiitumie kamwe, ni moto unaosubiri. Mafuta taa hayafai pia. Yanaacha mafuta na rangi inabaki kunata. Thina ya gereji na asetoni ya kuondolea rangi ya kucha huyeyusha modeli yenyewe.

Rangi inabanduka pamoja na tepu ya kuziba sehemu zisizopakwa? Rudi nyuma hadi siku ya kwanza. Vipande hutoka kiwandani vikiwa na mafuta kidogo yaliyovisaidia kutoka kwenye kalibu ya chuma, na mikono yako imeongeza mafuta mengine. Osha fremu nzima kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo kabla ya kukata hata kipande kimoja, zikaushe kwa hewa, na kabla ya kupaka zifute tena. Kisha rangi ya msingi. Usikimbilie tepu ghali.

Alama za brashi zina vyanzo viwili, na hapa tulipo ni muhimu kuvitofautisha. Cha kwanza ni rangi nzito. Iongeze kiyeyushi na upake tabaka mbili au tatu nyembamba, kila moja ikauke. Cha pili ni joto. Mchana wa Kisumu akriliki hukauka kwenye brashi kabla haijatulia kwenye plastiki, na kila unaporudia pale ulipopita unairarua. Usirudie. Pita mara moja, nenda mbele. Weka tone la kichelewesha kukauka, au paka asubuhi. Wa Nakuru, walio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari dhidi ya mita 1,130 zetu, wana ubaridi kidogo unaowasaidia hapa.

Ukipuliza kwa kopo na uso ukawa mkwaruzo mkavu, rangi imekauka hewani kabla ya kufika: sogea karibu. Ikitiririka, rudi nyuma na upunguze. Ikinyauka mikunjo, umepuliza laka juu ya enameli ambayo chini bado ni mbichi. Enameli juu ya akriliki iliyokauka ni salama. Laka juu ya enameli ni hatari hata baada ya siku nyingi.

Vanishi inayogeuka ukungu mweupe wakati wa masika si vanishi mbovu. Kiyeyushi kinapovukiza haraka kinapoza uso, unyevu wa hewa unatua na kunaswa ndani. Hewa ya alfajiri imebeba unyevu mwingi, na alasiri mvua inakuja. Kwa uzoefu wa kando ya ziwa, saa nne hadi saa sita mchana ndiyo nafasi nzuri, siku isiyo na wingu. Ukungu ukishaingia, subiri siku kavu na upulize tabaka nyembamba ya vanishi inayong'aa ya aina ileile. Mara nyingi hufumbua ukungu ule, kisha unarudia isiyong'aa. Hiyo isiyong'aa nayo itikise sana. Puliza dirisha na mlango vikiwa wazi, ukiwa umevaa barakoa ya kuzuia mvuke, mbali na jiko na sigara.

Nyekundu haifuniki. Hili litakupata ukiunda gari la Safari Rally, na nadhani kila mrudi wa kwetu anapaswa kuliunda moja. Datsun 240Z iliyoshinda 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann, na tena 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, ni nyekundu yenye boneti nyeusi. Kwenye 1/24 ni gari la sentimita 17 hivi, ukubwa unaofaa macho yetu. Nyekundu na njano zina nguvu ndogo ya kufunika, kwa hiyo zikipakwa juu ya plastiki ya kijivu hubaki hafifu hata kwa tabaka sita. Chanzo ni msingi. Weka rangi ya msingi nyeupe, au ya waridi kwa nyekundu, na tabaka tatu nyembamba zitatosha.

Nyeusi ya boneti ikivuja chini ya tepu, kucha haikubonyeza ukingo, au tabaka la kwanza lilikuwa zito. Baada ya kubandika tepu, paka ukingo wake vanishi isiyo na rangi kwanza. Itakayovuja ni vanishi, haionekani, na mlango umefungwa kwa nyeusi.

Vumbi lake pia huwasumbua watu, maana hupaka hudhurungi moja gari zima. Tangu Safari irudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, ikiwa na makao Naivasha, kaunti ya Nakuru, tumeona kwa macho: vumbi la kule ni jepesi, la kijivu, la majivu ya volkano. Udongo wa Kericho ni mwekundu. Amua gari lako limepita wapi. Na usibandike udongo wenyewe, kwa sababu chembe ya milimita 1 kwenye skeli ya 1/24 ni jiwe la milimita 24. Saga chaki za rangi hadi ziwe poda, chuja kwa soksi ya nailoni, na upake kidogo kwa brashi kavu kuanzia chini kwenda juu.

Kisumu jioni kuna vijidudu vya ziwani. Hufuata taa kwa makundi na kutua kwenye rangi mbichi. Paka mchana na ufunike kazi kwa beseni mara moja. Nakuru, badala yake, vumbi la Januari na Februari. Nyunyiza maji sakafuni nusu saa kabla. Kidudu kikishatua, kiache. Rangi ikauke kabisa, kitoe kwa sindano, sugua kwa msasa 1500, paka tena sehemu hiyo tu.

"Stika zinaonyesha mabaka meupe, au zinavunjika"

Mabaka hayo ni hewa. Rangi isiyong'aa ina uso wa vilima na mashimo ambayo jicho halioni, na stika ya maji, ile inayolowekwa kabla ya kubandikwa, ikilala juu yake inafunika mashimo yenye hewa. Tatizo lilianza kwenye rangi. Kabla ya stika, puliza vanishi inayong'aa eneo lote, acha siku nzima, kisha bandika. Siki nyeupe iliyozimuliwa kwa maji, chini ya stika, huisaidia kutulia. Dawa maalumu za kulainisha stika zina nguvu zaidi kwa sehemu zenye mikunjo. Juu yake malizia na vanishi isiyong'aa. Kwa stika iliyokwisha kupata mabaka, itoboe kwa sindano nyembamba sana mahali pengi, uguse dawa ya kulainisha, na uirudie kesho.

Stika ya zamani iliyogeuka njano ibandike kwenye dirisha la jua ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki unaoonyesha, kwa siku kadhaa. Jua letu halikosi kuipausha. Na kabla ya kutumbukiza yoyote, jaribu ile usiyoihitaji. Ikivunjika majini, kausha karatasi iliyobaki, ipulize vanishi inayong'aa, na kila stika uikate karibu na mchoro wake, kwa sababu vanishi imeziunganisha zote.

"Nina boksi tatu wazi, hakuna iliyokwisha"

Hii nayo ni dalili yenye chanzo, na chanzo si uvivu. Mara nyingi kazi imesimama pale panapohitaji maandalizi mengi: kutoa rangi, kuosha brashi, kupanga meza, kisha mjukuu anaita, "Babu, tunataka meza tule." Nusu saa ya maandalizi kwa nusu saa ya kazi humchosha yeyote.

Tenganisha kazi kwa aina ya siku. Kukata, kusugua na kujaribu vipande vikavu vinahitaji mwanga na wembe tu, vinafaa jioni yoyote. Rangi ihifadhi kwa asubuhi ya Jumamosi, na siku hiyo paka vyote vya rangi moja hata kama ni vya maboksi tofauti. Seti ya kwanza ya kurudia iwe yenye vipande chini ya mia, hata kama uliwahi kumaliza kubwa zaidi. Bado unajua kazi, ila hujajua rangi mpya na gundi mpya, na ni bora ujifunze kwenye kitu ambacho kitaisha. Kazi nzima ikae kwenye sinia kubwa lenye kingo. Jioni unaliinua, unalifunika kitambaa, unalipandisha juu ya kabati mbali na mikono ya watoto, kifuniko cha gundi kikiwa kimekazwa na wembe ukiwa ndani ya mkebe wake.